Mkutano wa Wataalamu ni Mahali pa Kazi

Kila mwaka, katika mwezi wa Februari au Machi, watu kwa maelfu hukusanyika kwa siku tano hivi katika mji mmojawapo wa Marekani. Mwaka 2024 walikutana Philadelphia. Mwaka 2025 walikutana Los Angeles. Hao ni wanachama na wageni wa Chama cha Biofizikia, chama chenye makao yake Marekani na wanachama wake katika nchi nyingi za dunia. Mtu apitaye nje ya ukumbi, akiwaona na vitambulisho vyao vifuani na mikoba yao mabegani, aweza kudhani kuwa wamekwenda kula na kunywa kwa fedha za vyuo vyao. Wala hatuwezi kumlaumu. Hata kwetu neno "mkutano" limekwisha haribika masikioni mwa mfanyakazi, kwani ameiona mingi iliyoanza kwa hotuba, ikaisha kwa posho, na kazi ikabaki pale pale ilipokuwa.

Lakini leo twapenda kusema ya kwamba mkutano wa wataalamu, ukiwa mkutano wa kweli, ni mahali pa kazi kama karakana ilivyo mahali pa kazi. Humo mwanagenzi huonyesha alichokitengeneza, mafundi wakakigeuza-geuza mikononi mwao, wakakisifu au wakakitia dosari. Na humo humo mwanagenzi hupata bwana wa kumwajiri. Nasi tuna sababu ya kulisema jambo hili katika Afrika Mashariki, kwa kuwa moja ya habari kubwa za elimu hiyo iliandikwa kwa damu ya watu wetu wenyewe.

ELIMU YENYEWE NI NINI?

Biofizikia ni elimu ya kuvichunguza viumbe vyenye uhai kwa kanuni na vipimo vya fizikia. Daktari hutazama mgonjwa akauliza: anaumwa wapi? Mtaalamu wa biofizikia hutazama chembe moja ya damu ya mgonjwa yule akauliza: ina ugumu kiasi gani, ina chaji gani ya umeme, hupita katika mshipa mwembamba kwa muda gani, na ni nguvu gani iliyoipinda? Kwa hiyo elimu hii haina nyumba moja. Nusu yake imo katika fizikia, nusu katika elimu ya viumbe, na mguu mmoja umo katika kemia.

Watu wa elimu isiyo na nyumba moja wana haja ya kukutana kuliko wengine wote. Ndiyo maana mwaka 1957, katika mwezi wa Machi, walikusanyika watu wapatao 500 mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, ili kujua kama wao ni watu wa kazi moja au sivyo. Wakaona kuwa ni wa kazi moja. Mwaka uliofuata chama kikasimama, na mwaka 1960 kikaanza kutoa jarida lake. Katika miaka yetu hii mkutano wao umekuwa ukipata watu kwa maelfu.

MEZA MOJA, MAFUNDI WAWILI

Sasa na tuone kwa mfano jinsi mazungumzo ya watu wa kazi mbalimbali yanavyozaa matunda. Mfano wetu ni ugonjwa wa selimundu, ambao akina mama wengi wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria waujua kwa machozi.

Mwaka 1904, katika hospitali moja ya Chicago, alilazwa kijana aliyeitwa Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada. Daktari mwanagenzi, Ernest Irons, alitia damu yake chini ya hadubini akaona chembe zilizopindika kama mundu. Mwaka 1910 habari hiyo ilichapishwa kwa jina la mkubwa wake, Bwana James Herrick. Kweli, Herrick alimtaja Irons ndani ya maandishi yake. Lakini jina la mwandishi lilikuwa moja tu. Tulikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Ikapita miaka 35. Mwaka 1945 kamati moja ya wataalamu ilikuwa ikiishauri serikali ya Marekani juu ya maendeleo ya utafiti wa tiba. Ndani yake walikuwamo William Castle, daktari wa damu kutoka Boston, na Linus Pauling, mwanakemia kutoka California. Pauling mwenyewe alisimulia baadaye ya kwamba, wakati wa chakula cha jioni, Castle alieleza habari za ugonjwa huu, na jinsi chembe zinavyopindika katika damu iliyopungukiwa na oksijeni, zikanyooka tena damu ipatapo oksijeni. Daktari aliyaona hayo kama ajabu ya mwili. Mwanakemia aliposikia neno "oksijeni" aliwaza mara moja juu ya himoglobini, ile protini nyekundu ichukuayo oksijeni katika damu. Akasema moyoni mwake: kasoro haimo katika chembe, imo katika molekuli iliyo ndani ya chembe.

Twaomba msomaji aone jambo hili vizuri. Castle alikuwa na habari wala hakuwa na ufunguo. Pauling alikuwa na ufunguo wala hakujua kuwa kuna mlango. Kama kila mmoja angalikula chakula chake nyumbani kwake, huenda jambo lingalikawia miaka mingi.

Lakini wazo si kazi. Kazi alipewa kijana Harvey Itano, mzaliwa wa California, mwana wa wahamiaji wa Kijapani. Mwaka 1942 Itano alimaliza masomo yake ya kemia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, naye alikuwa wa kwanza katika wanafunzi wote wa mwaka ule. Siku ya kupokea nishani yake hakuwapo. Alikuwa amekwisha tiwa kambini pamoja na maelfu ya watu wa asili ya Kijapani, si kwa kosa lolote alilotenda, bali kwa asili yake, maana Marekani ilikuwa vitani na Japani. Baadaye mwaka ule ule aliruhusiwa kutoka ili akasome udaktari mjini St. Louis, na baada ya kufuzu akaenda kwa Pauling. Huko, yeye na wenzake waliipitisha himoglobini ya wagonjwa katika umeme, wakaona haiendi kwa mwendo ule wa himoglobini ya wazima, kwa kuwa chaji yake ni tofauti. Damu ya wale wenye kurithi upande mmoja tu ilikuwa na himoglobini za namna zote mbili. Novemba 1949 habari ikatangazwa kwa majina ya watu wanne: Pauling, Itano, Singer na Wells. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa kutajwa kuwa ni ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1979 Itano alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Taifa cha Wanasayansi wa nchi ile ile iliyomfunga. Basi hasara iliyoje ingalikuwako kama mlango wa kambi usingalifunguliwa!

DAMU ILITOKA KWETU

Mwaka huo huo wa 1949 kijana mwingine, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia katika shamba la wazazi wake nchini Kenya, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Yeye alikusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la kushangaza: katika watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alichukua chembe ya urithi wa selimundu, katika watu wa nyanda za juu zenye baridi, hawakufika 1 kati ya 100. Akajiuliza: penye mbu pana selimundu, je, hivi viwili vina undugu?

Mwaka 1954 alitoa jibu. Aliwachukua wanaume Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wenye urithi huo wa upande mmoja na 15 wasio nao, wote wakaambukizwa malaria. Katika wale wasio nao, 14 walionekana na vijidudu vya malaria katika damu yao. Katika wale wenye nao, 2 tu. Ikawa dhahiri: urithi wa upande mmoja ni ngao dhidi ya malaria, na urithi wa pande mbili ni ugonjwa. Hivyo ndivyo chembe ile ilivyodumu katika nchi za joto kizazi baada ya kizazi.

Jina la Allison limo vitabuni, nalo lastahili kuwamo. Majina ya wale 30 hayamo katika yale wanayofundishwa watoto wetu shuleni, ijapokuwa wao ndio waliotoa miili yao. Hatusemi hayo kwa kinyongo. Twasema kwa sababu mwenye kutoa damu ana haki ya kuuliza: na mwanangu je, lini atashika hadubini?

MBIO ZA SEKUNDE CHACHE

Kazi haikuishia hapo. Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha katika miaka ya 1956 na 1957 kwamba tofauti yote ya himoglobini ile ni kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Kisha wakaja wana fizikia hasa. Mwaka 1974 Hofrichter, Ross na Eaton, waliokuwa wakifanya kazi Bethesda, katika jimbo la Maryland, walipima jinsi himoglobini ya selimundu inavyogandamana ikawa nyuzi pindi ikosapo oksijeni. Waliona kuwa haigandi mara moja. Kwanza hukaa kimya kwa muda, kama maharamia waliojificha, kisha nyuzi zikatokea kwa ghafula.

Muda huo wa kukaa kimya ndio uhai wa mgonjwa. Chembe ya damu hupita katika mishipa myembamba kisha hurudi mapafuni kupata oksijeni, na safari hiyo ni ya sekunde chache. Ikiwa muda wa kukaa kimya ni mrefu kuliko safari, chembe huwahi kufika mapafuni ingali nyororo. Ukiwa mfupi, chembe hupindika njiani, mshipa ukaziba, na mtoto akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Tena wataalamu wale waliona kuwa muda huo hutegemea mno jinsi himoglobini ilivyosongamana ndani ya chembe. Ikisongamana zaidi kwa sehemu 5 tu katika 100, muda hupungua kiasi cha mara nne. Basi mama aambiwapo na muuguzi kwamba mtoto wake mwenye selimundu anywe maji mengi, asidhani ni maneno ya kumfariji tu. Mwili ukikauka, chembe nazo hukauka, himoglobini husongamana, na zile mbio zikashindwa.

Dawa iitwayo haidroksiyurea husaidia kwa kuongeza himoglobini ya namna ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama yake, ambayo huzuia nyuzi zisijengeke upesi. Katika utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, watoto zaidi ya 600 walipewa dawa hiyo. Maumivu yakapungua, na malaria, haja ya kuongezwa damu na vifo pia. Tiba ya kurekebisha jeni iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023 bei yake huko ilitangazwa mwaka huo kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mfanyakazi apige hesabu mwenyewe, ajue ni kwa nini hatuwezi kukaa tukingoja wengine watufikirie.

KIJANA MBELE YA BANGO LAKE

Sasa turudi ukumbini. Katika mkutano wa Chama cha Biofizikia wakubwa huhutubu jukwaani, lakini moyo wa mkutano umo katika ukumbi wa mabango. Humo husimamishwa mbao safu kwa safu, na juu yake hubandikwa makaratasi makubwa kiasi cha mlango wa nyumba, yenye picha, vipimo na hesabu za kazi. Kando ya kila bango husimama aliyeifanya kazi hiyo, aghalabu kijana ambaye bado anaitafuta shahada yake. Jina lake limeandikwa juu, nalo ndilo la kwanza, mbele ya jina la mwalimu wake.

Saa ifikapo, watu hupita. Huyu husimama dakika moja akaondoka. Yule husimama nusu saa, akauliza: umepimaje hapa? Kwa nini hukujaribu kwa joto la mwili? Mbona mimi nilipofanya hivyo sikupata hivi? Kijana hujibu. Asipojua husema hajui, akaandika swali katika daftari. Muulizaji aweza kuwa ndiye aliyekiandika kile kitabu ambacho kijana alikisomea. Hapo hapana kujificha nyuma ya mwalimu. Hii ndiyo tofauti ya kijana huyu na Ernest Irons wa mwaka 1904: yeye huonekana, huulizwa, na hukumbukwa.

Na kukumbukwa ndiko kupata kazi. Mtu aliyependezwa na bango humwuliza mwenyewe: utamaliza lini? Una mahali pa kwenda? Chama chenyewe kimeliona hilo, kikaweka katika mkutano huo huo mahali pa kutafutia kazi, watu wa kumsaidia kijana kupanga maelezo yake ya masomo na kazi, mazungumzo na watu wa viwanda vya dawa na vyombo, zawadi kwa wanafunzi wenye mabango bora, na msaada wa nauli kwa baadhi ya wasio na uwezo. Kwa wanawake wanaoanza kazi imewekwa tangu mwaka 1984 tuzo ya ukumbusho wa Bibi Margaret Oakley Dayhoff, ambaye aliwahi kuwa katibu wa chama hicho na kisha rais wake.

Hata hivyo tusiwadanganye vijana wetu. Huko nako njia ina miiba. Wengi wamalizapo shahada ya udaktari hupewa kazi za muda, mwaka mmoja au miwili, kisha wakaanza kutafuta tena. Vibarua wenye shahada, tungeweza kusema. Nafasi za kudumu katika vyuo ni chache kuliko wazitafutao. Na kijana wa Kiafrika ana mlima wake wa pekee: nauli ni kubwa kuliko mshahara wake wa miezi kadhaa, na viza huweza kukataliwa au kuja mkutano umekwisha kwisha. Bango likapigwa chapa, mwenye bango akabaki nyumbani.

LITUPASALO

Wako waliokwisha tuonyesha kuwa yawezekana. Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2004 wagonjwa wa selimundu kwa maelfu wamefuatwa kwa utafiti unaoongozwa na watu wa hapa, na mwaka 2011 Profesa Julie Makani alipewa tuzo na Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza kwa kazi hiyo. Damu ilikuwa ya kwetu, na safari hii jina pia lilikuwa la kwetu.

Kadhalika yuko Abdus Salam wa Pakistani. Yeye alirudi kwao mwaka 1951 na elimu yake, akajiona mpweke, hana wa kubishana naye juu ya kazi yake, na mwaka 1954 akaondoka tena. Hakutaka wengine walazimike kuchagua kama yeye, ama nchi yao ama elimu yao. Kwa hiyo mwaka 1964 akaanzisha kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia, ambako mtaalamu kutoka nchi maskini huweza kwenda kwa muda, akakaa na wenzake, kisha akarudi kwao kuendelea na kazi. Mwaka 1979 akapata Tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina mshirika wake Kigali, ambako vijana wa Afrika husomea shahada za juu za fizikia bila kuvuka bahari.

Basi twaona mambo matatu yatupasayo. La kwanza, vyuo vyetu viweke fedha za nauli kwa ajili ya kijana mwenye kazi mkononi, si kwa ajili ya mkubwa mwenye cheo tu. Anayepelekwa awe na bango lake. Asiye na bango, na angoje mpaka awe nalo. La pili, arudipo atoe hesabu mbele ya wenzake: aliulizwa nini, alishindwa kujibu nini, alikutana na nani, na kesho ataanza na kipi. Safari isiyo na hesabu ni matembezi. La tatu, tusimngoje kila mara mtu wa kutualika. Mbao za kubandikia mabango si kitu kigumu. Seremala yeyote wa Keko aweza kuzitengeneza. Na tuwakutanishe hapa hapa wanafizikia wetu, madaktari wetu na wakemia wetu, mezani pamoja, kwani hatujui ni Castle gani wa Mwanza anayekosa kumjua Pauling wa Dodoma.

Labda mfanyakazi wa bandarini au wa kiwandani atasema: hayo ni ya wasomi, mimi yanihusu nini? Ndugu yetu, yakuhusu kwa njia mbili. Kodi yako ndiyo inayomsomesha kijana yule. Una haki ya kumwuliza umefanya nini. Na yule mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa aweza kuwa ni wako. Siku moja katika ukumbi wa mabango, iwe Los Angeles au Dar es Salaam, mtu atasimama mbele ya karatasi yenye jibu la kilio hicho. Twataka ainue macho asome jina lililo juu, aone kuwa ni jina la kijana wa kwetu, naye mwenyewe amesimama hapo kando yake, tayari kuulizwa.